Kusoma, Ndoa na Nia za Watoto Wetu



Leo nimepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya malezi. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Nalizaliwa katika bonde la Kilombero, nikafundishwa kusoma katika shule ya misheni, na sasa umri wangu umepata miaka arobaini na kidogo. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Basi pengine mtadhani kuwa mtu wa namna hii hana la kuulizwa katika nyumba yake. Sivyo. Mganga hajigangi. Mimi mwalimu nalihitaji kufundishwa na watu wawili wa nyumba yangu, yaani mama yangu mzazi na binti yangu wa kwanza. Nitawaeleza jinsi walivyonifundisha, maana jambo lililonipata mimi limewapata wengi, na lingali likiwangoja wengine.

Watu wa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge hawana haja ya kuambiwa maana ya dungu. Lakini kwa faida ya wasikilizaji wa mbali nitaeleza. Bonde letu ni tambarare pana. Upande mmoja iko milima ya Udzungwa, na upande wa pili milima ya Mahenge. Mto Kilombero wapita katikati, na wakati wa masika hufurika, ukaeneza maji katika mbuga. Ardhi ile ni njema sana kwa mpunga. Walakini mashamba mengi yako mbali na vijiji, hata watu wengi huacha nyumba zao wakakaa shambani katika vibanda, tangu siku za kulima hata siku za kuvuna. Mpunga unapotia maziwa, yaani punje zingali laini, ndege huja makundi kwa makundi. Ndipo mkulima hujenga dungu, kilingo kirefu cha miti, na mtu hukaa juu yake tangu alfajiri hata jua kuchwa, akipiga debe, akirusha mawe kwa kombeo, akipaza sauti. Kazi hiyo huitwa kuamia ndege, na aghalabu hupewa watoto.

Angalieni neno hili. Mkulima aweza kulima vema na kupalilia vema, na mvua ikanyesha kwa kadiri; lakini akiacha kuamia siku chache tu, mpunga ukiwa katika maziwa, atavuna mapepe. Taabu yote ya mwaka hupotea katika siku zile chache. Nawaombeni mlishike neno hilo, kwa kuwa nitalirudia.

Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makubwa. Mafuriko yaliingia katika mabonde ya Kilombero na Rufiji, yakaharibu mashamba na nyumba za watu wengi. Shamba langu lilikuwa miongoni mwa yale yaliyofunikwa. Mshahara wa mwalimu wajulikana; mimi nalikuwa nimekopa fedha za kukodi trekta na kununua mbegu, nikitumaini kulipa wakati wa mavuno. Maji yakachukua mpunga, deni likabaki.

Katika mwezi wa Juni mzee mmoja jirani, mtu wa heshima, akaja nyumbani jioni. Tulipokwisha kuamkiana na kuulizana habari za maji, akakohoa kidogo, akasema, “Mwalimu, mimi nimetumwa. Yuko kijana mnunuzi wa mpunga, si mlevi wala si mvivu, tena ana mashine yake ya kukoboa. Amemwona binti yako, naye amempenda. Hasemi umtoe shuleni. Asema uipokee mahari sasa, na ndoa ifungwe atakapokwisha kidato cha nne.” Kisha akataja kiasi. Kiasi kile kilikuwa kikubwa kuliko deni langu.

Binti yangu wakati ule alikuwa na miaka 16, naye yu kidato cha tatu.

Mimi naijua sheria, maana huwafundisha wengine. Lakini nalijiambia, “Kupokea mahari si kuoza. Mtoto ataendelea kusoma; ni fedha tu zitakazotangulia.” Mtu mwenye deni hakosi maneno ya kujidanganya. Sikumkatalia yule mzee. Nalimwambia, “Nipe siku saba.” Wala sikumwambia mke wangu, wala sikumwambia mtoto mwenyewe. Hata sasa nikikumbuka siku zile naona haya, na nisingezitaja mbele yenu kama nisingeona kuwa zina faida.

Siku ya tatu nalikwenda shambani kwa mama yangu. Yeye alikuwa amepanda tena kipande kidogo cha mpunga maji yalipopungua, nao ulikuwa ndio kwanza unatia maziwa. Shule zilikuwa zimefungwa, na binti yangu alikuwa kule akimsaidia bibi yake kuamia. Nilipokaribia nalisikia sauti juu ya dungu, lakini haikuwa sauti ya kufukuza ndege. Mtoto alikuwa akimsomea bibi yake kitabu kwa sauti kubwa, na bibi kila mara alipiga debe. Ndege walikimbia, sijui walikimbia debe au walikimbia kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa Wasifu wa Siti binti Saad, alichokiandika Shaaban Robert, kikachapwa mwaka 1958. Chaeleza habari za mwanamke wa Unguja, mtoto wa watu maskini wa shamba, aliyetembeza vyungu vya kuuza kabla ya kupata sifa ya uimbaji katika pwani yote. Mama yangu alikuwa amekwisha kusomewa habari zile mara mbili, naye alitaka mara ya tatu, hasa pale pa vyungu.

Imenipasa kuwaambia habari za mama. Yeye aliozwa mwaka 1969, akiwa na miaka 14, hajui herufi hata moja. Mwaka 1973 alijiunga na kisomo cha watu wazima, mtoto yu mgongoni. Ule ulikuwa mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wenu watakumbuka jinsi watu walivyokusanyika vikundi vikundi mbele ya redio, wakasikiliza mafundisho ya afya. Kisha mmoja akasoma kijitabu, wakashauriana, wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Watu wapatao milioni 2 katika Tanzania walikuwa katika vikundi vile, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Hupenda kusema kuwa neno la kwanza alilolisoma peke yake lilikuwa “maji.” Siku hizi macho yake yamepungua nguvu, na ndiyo sababu husomewa na mjukuu wake.

Basi, mtoto alipokwenda kuteka maji, mama akanitazama, akasema, “Mwanangu, una uso wa mtu mwenye neno.” Nikamweleza yote. Akanyamaza kitambo, akapiga debe, akanyamaza tena. Kisha akasema hivi:

“Baba yangu aliipokea mahari yangu katika mwaka wa njaa. Fedha ile iliisha kabla ya mavuno. Mimi nalikaa katika ndoa ile miaka arobaini. Baba yako alikuwa mtu mwema, simlaumu, Mungu amweke pema. Lakini mtoto wangu wa kwanza alikufa wakati wa kuzaliwa, nami nikawa karibu kumfuata, kwa sababu mwili wangu ulikuwa haujakomaa. Nalikuwa kama mpunga huu wa maziwa. Sasa mwanao yuko hapa tangu alfajiri akiniamia mpunga wangu. Je, yeye naye nani amwamiaye?”

Mabibi na Mabwana, sikuwa na jibu. Nalirudi nyumbani, nikamweleza mke wangu, nikapokea maneno niliyostahili. Asubuhi yake nikamwendea yule mzee, nikamwambia kwa adabu kwamba binti yetu haposwi. Deni nalililipa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na pikipiki yangu nikaiuza. Haikuwa rahisi, wala sitaki kuwaambia kuwa ilikuwa rahisi.

Baada ya siku chache nikaona yanipasa kumwambia mtoto mwenyewe. Nikamketisha mbele ya mama yake, nikamwambia yote, nikamwomba radhi. Akainamisha kichwa, akajibu, “Nalijua, Baba. Walikwisha kuniambia. Nalikuwa nangoja nione utasemaje.”

Fikirini ninyi wazazi. Mtoto yuko juu ya dungu, anasoma kitabu, anafukuza ndege wa bibi yake, na huku moyoni anangoja kuona kama baba yake atamwuza. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri sana juu ya mambo matatu: kusoma kwa watoto, ndoa zao, na nia wanazoziweka mbele ya Mungu wakiwa wangali wachanga. Zamani nalidhani ni mambo matatu mbalimbali. Sasa naona ni jambo moja. Yote matatu yahitaji muda wa kukomaa, na kazi ya mzazi ni kuulinda muda ule.

Nianze na kusoma. Mara nyingi nasikia wazee wakilalamika, “Watoto wa siku hizi hawapendi vitabu, wapenda simu tu.” Labda ni kweli. Lakini nawauliza, mtoto huyo amemwona nani akisoma katika nyumba yake? Kama kitabu pekee anachokijua ni kile anachopigiwa shuleni, kwa nini akipende? Mtoto huiga. Akimwona baba yake kila jioni akitazama simu, naye ataitazama simu. Akimwona baba yake akisoma ukurasa mmoja tu kwa sauti, na mama akicheka au akiuliza swali, atataka kujua kilichomo.

Wengine husema, “Vitabu ni ghali, nasi tu watu wa jembe.” Nakubali kuwa ni ghali. Lakini kitabu kimoja chaweza kusomwa na nyumba kumi. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kuchapisha vitabu vya Kiswahili vya watoto na kuvifikisha mashuleni. Mzazi aweza kwenda kwa mwalimu mkuu akauliza, “Je, mwanangu aweza kuazima kitabu wakati wa likizo?” Kitabu kikiisha kuazimwa, kifungeni katika mfuko wa nailoni, mkipeleke shambani pamoja na unga na chumvi. Tusiseme kuwa msimu wa kuamia ni msimu wa kusahau herufi. Mtoto aliye juu ya dungu ana saa nyingi za kungoja, na mtu angojaye aweza kusoma. Walakini msimtoe mtoto shuleni ili akaamie. Nasema juu ya siku za likizo tu. Ndege wa shamba wana debe lao, wala hawana haki ya kula masomo ya mtoto.

Tena kusoma si kwa ajili ya mtihani peke yake. Watu wa Ifakara wana mfano mlangoni kwao. Mwaka 1957 Waswisi walifungua pale maabara ndogo ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto. Ndiyo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Tangu mwaka 1996 watu wake walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya bonde, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Baadhi ya wenyeji waliwacheka, wakasema, “Kazi gani hii ya kuhesabu watu?” Lakini kwa hesabu zile ndipo ilipodhihirika katika bonde letu kuwa chandarua chenye dawa chaokoa maisha ya watoto wadogo. Basi mtu ajuaye kusoma na kuandika vema aweza kuokoa uhai wa mtoto asiyemjua, kwa kalamu na daftari tu.

Sasa niseme juu ya ndoa. Kwanza tutoke bondeni kidogo twende pwani, maana wako wazazi wawili wa zamani walioandika juu ya neno hili kwa ajili ya watoto wao.

Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa kumwusia juu ya dini na juu ya maisha ya ndoa. Wa pili ni yule yule Shaaban Robert, aliyeishi tangu mwaka 1909 hata mwaka 1962. Baada ya kufiwa na mkewe alitunga tenzi mbili za wasia: mmoja, uitwao Hati, kwa binti yake, na wa pili, uitwao Adili, kwa mwanawe wa kiume. Si lazima tukubali kila shauri lililomo katika tenzi zile. Zama zao si zama zetu, na mambo ya mume na mke yamebadilika. Lakini tazameni walilolifanya. Wote wawili waliweka maneno yao katika maandishi. Mtoto aliyeachiwa hati aweza kuisoma leo, akaiweka, akaisoma tena baada ya miaka kumi, na kila mara akaielewa zaidi. Mzazi aandikaye humpa mtoto muda wa kufikiri. Mzazi aamuruye tu, “Utaolewa mwezi ujao,” humnyang’anya muda ule.

Haya, na sheria yasemaje? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa tangu miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, ilhali mvulana aliwekewa miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililoletwa na Rebeca Gyumi, iliamua kuwa vifungu vile vyapingana na Katiba. Serikali ikakata rufani, na mwezi wa Oktoba mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile. Tena katika mwaka ule wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, hata mtu amwoaye mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, au ampaye mimba, apasiwa na kifungo cha miaka 30. Na yule asaidiaye ndoa ya namna hiyo ana kosa vile vile. Mwaka huo huo ada iliondolewa katika shule za sekondari za Serikali mpaka kidato cha nne. Na mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ilitangaza kuwa mwanafunzi aliyeacha masomo kwa sababu ya kujifungua aweza kurudi shuleni. Mzazi ambaye binti yake amepatwa na jambo hilo asidhani kuwa njia imefungwa.

Sheria ni ukuta mwema. Lakini mimi naliijua, na bado naliomba siku saba. Sheria haikai juu ya dungu. Akaaye ni mzazi. Na ndege wajanja hawaji kwa kelele. Huja jioni kwa adabu, wakauliza habari za mafuriko, wakataja fedha katika mwaka wa shida. Nawaombeni tusiwachukie vijana wanaoposa wala washenga wao. Pengine wana nia njema, na ndoa ni kitu cha heshima. Neno ni wakati. Mwache binti amalize masomo, ajue kazi ya kumlisha, mwili wake ukomae, na akili yake imwambie, “Huyu namtaka,” au, “Huyu simtaki.” Akiisha kufika hapo, mshenga na aje, tutampikia wali.

Wala msidhani nasema juu ya wasichana tu. Kijana wa kiume aoaye hana kazi wala shamba, kwa sababu wenzake wameoa, naye pia ni mpunga ulioliwa katika maziwa.

Jambo la tatu ni nia za watoto katika dini. Hapa nalikosa mara ya pili, na nitawaambia kwa kifupi. Mwanangu wa kiume, alipopata komunyo ya kwanza, aliandika maneno matatu katika karatasi akaibandika ukutani juu ya kitanda chake: hatasema uongo, atasoma Injili kila siku, na atakuwa padri. Mimi nalifurahi kupita kiasi. Nikawaambia watu kanisani. Jirani wakaanza kumwita “Padri,” wengine kwa heshima, wengine kwa mzaha. Baada ya miezi michache nikaona karatasi imebanduliwa. Nilipouliza, akasema, “Siku mbili nalisahau kusoma, na watu wote wangali wakiniita Padri. Naona haya.” Nia yake ilikuwa mche mchanga, nami nalikuwa nimeung’oa kila siku ili kuwaonyesha watu mizizi yake.

Wako wazazi wengine hufanya kinyume chake, wakamcheka mtoto. Akisema, “Nataka kufunga Kwaresima yote,” au mtoto wa Kiislamu akisema, “Mwaka huu nataka kuhitimu Kurani,” humjibu, “Wewe? Hata kuosha vyombo huwezi.” Hilo nalo laua. Katika Ifakara Wakristo na Waislamu hukaa ua kwa ua, na watoto wao hushindana kwa wema kama wanavyoshindana kwa mpira. Yatupasa kuwatia moyo bila ya kuwatangaza. Mtoto akiweka nia, mwulize kwa upole, “Nikusaidieje?” Akiishinda, mshukuru Mungu pamoja naye. Ikimshinda, mwambie kuwa kesho kuna siku nyingine, na kwamba Mungu hamwekei mtoto deni.

Tena, tazameni jinsi dini yenyewe isivyofanya haraka. Kanisa lahitaji mapadri na watawa. Hata hivyo halimpokei mtu kwa siku moja. Anayetaka upadri husoma miaka mingi katika seminari. Anayetaka utawa hujaribiwa kwanza katika unovisi, akaweka nadhiri za muda, ndipo akaweka nadhiri za daima. Katika miaka hiyo yote aweza kuondoka, na mlango u wazi. Basi ndoa nayo ni nadhiri ya maisha. Ikiwa wakuu wa dini humngoja kijana akomae kabla ya kuweka nadhiri yake, mimi baba ni nani hata nimwekee binti yangu nadhiri asiyoiweka mwenyewe, tena kwa sababu ya bei ya kukodi trekta?

Neno hilo ndilo lililonifungua macho kabisa. Kusoma, ndoa na nia za dini hukutana hapo. Mtoto asomaye hupata maneno ya kujipimia nia yake. Mtoto mwenye nia yake hujua ndoa ya namna gani itamfaa. Na ndoa iliyofungwa na watu wawili waliokomaa huzaa watoto watakaosomewa vitabu.

Ninyi wanafunzi, msidhani nimewasifu tu. Muda mnaolindiwa si wa kuchezea. Baba aliyeuza pikipiki ili msome, na mama aliyekaa peke yake shambani ili mrudi shule siku ya kufunguliwa, wanawadai kazi. Mkienda likizo, msomeeni mtu mzima mmoja asiyeona vema au asiyejua kusoma. Mtajifunza zaidi kuliko mtakavyomfundisha.

Nanyi wazazi wenzangu, sina shauri kubwa la kuwapa, ila haya machache. Kiwepo kitabu kimoja nyumbani, na kisomwe kwa sauti. Posa isijibiwe katika mwaka wa shida, wala isijibiwe na mtu mmoja peke yake. Mama wa mtoto aulizwe, na mtoto mwenyewe aulizwe. Na nia ya mtoto mbele ya Mungu isichekwe wala isitangazwe.

Mwezi wa Novemba mwaka 2025 binti yangu alifanya mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yake sitayasema hapa, maana ni mali yake, naye atayasema akipenda. Mwanangu wa kiume sijamwuliza tena habari za upadri, lakini juzi nimeona karatasi nyingine ukutani, imegeuzwa maandishi yaelekee ndani. Nimeiacha vivyo hivyo. Na mama yangu yuko shambani, mpunga unatia maziwa, naye ametuma salamu kwamba mjukuu wake akija asisahau kitabu.

Kwa herini, Mabibi na Mabwana.